Fundi wa Chombo Aliyefichwa Jina

Jina la Yuri Gagarin limeenea mpaka kwa watu wasiojua Urusi iko upande gani wa dunia. Aliruka tarehe 12 Aprili 1961, akaizunguka dunia mara moja kwa muda wa dakika 108, na tangu siku hiyo sura yake yenye tabasamu imechapwa kwenye stempu, beji, sahani na visanduku vya kibiriti visivyo na idadi. Lakini nikimuuliza msomaji ni fundi gani aliyekiunda chombo alichopanda Gagarin, nadhani wengi watatazamana tu. Wala si lawama yao. Fundi mwenyewe alifichwa, na waliomficha hawakuwa maadui zake, bali ni serikali iliyokuwa ikila matunda ya kazi yake. Jina lake ni Sergei Pavlovich Korolev, na huyo ndiye ninayetaka kumzungumza leo.

Mimi nilimfikia Korolev kwa kupitia vikorokoro. Miaka ya 1960 vijana wengi wa Kiafrika walikwenda kusoma Urusi, baadhi yao katika chuo kikuu kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la marehemu Patrice Lumumba. Walikwenda wa Kenya, na baada ya mapinduzi ya 1964 wakaenda wa Unguja pia. Waliporudi walileta shahada zao, na chini ya masanduku mlikuwa na beji za bati na stempu za vyombo vya anga, kwani kule vitu hivyo vilikuwa rahisi kama njugu. Wenyewe wamezeeka, wengine wametangulia mbele ya haki, na warithi wao hawana haja na bati la Mrusi. Basi vitu hivyo huangukia kwa wauza vikuukuu, vikachanganywa na funguo zisizo na kufuli na miwani isiyo na kioo. Hapo ndipo mimi hununua.

Ukizikusanya stempu hizo na kuzipanga kwa miaka, utaona jambo la ajabu. Yumo Gagarin. Yumo Titov, aliyemfuata. Yumo Bibi Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga, mwaka 1963. Yumo mzee Tsiolkovsky, mwalimu wa shule aliyezipiga hesabu za roketi zamani na kufariki mwaka 1935. Hata mbwa Belka na Strelka, waliorushwa Agosti 1960 wakarudi salama, walitolewa stempu mwaka huo huo. Naam, mbwa! Lakini fundi aliye hai, aliyeyafanya yote hayo, hayumo hata mmoja mpaka baada ya mwaka 1966.

Jambo la pili ni roketi zenyewe. Zile zilizochorwa kwenye stempu na beji za mwaka 1961 ni nyembamba na ndefu, zimechongoka kama mkuki, na ni uzushi wa mchoraji. Roketi ya kweli ya Gagarin ilikuwa kama mnara uliofungwa minara mingine minne kiunoni, na watu wa nje hawakuiona mpaka ilipoonyeshwa Paris mwaka 1967. Kwa hivyo mtu anayenunua beji ya siku zile akadhani ananunua picha ya chombo, hununua picha ya pazia.

Kwetu pwani jambo hili ni gumu kufahamika. Jahazi likishushwa Lamu, swali la mwanzo la watu barazani ni kwamba limeundwa na nani. Nahodha atasifiwa akirudi salama na shehena yake, lakini fundi ndiye atakayetajwa jina kila chombo kitakapopita, hata akiwa keshakufa miaka arubaini. Chombo kisicho na fundi anayejulikana hutiliwa shaka. Basi yakoje mambo ya taifa lililoshusha chombo kikubwa kuliko vyote, likamwonyesha nahodha dunia nzima, na fundi likamfungia ndani?

Korolev alizaliwa tarehe 12 Januari 1907 katika mji wa Zhytomyr, nchi ya Ukraine, ambayo siku hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Babake alikuwa mwalimu wa lugha. Wazazi waliachana mtoto angali mdogo, naye akapelekwa kulelewa na babu na bibi wa upande wa mama katika mji wa Nizhyn, akaambiwa kwamba babake amekufa. Hakuwa amekufa. Kwa hivyo mtu huyu alianza kufichwa mambo tangu utotoni. Mamake, Bibi Maria, akaja kuolewa na mhandisi, mtu mwema aliyemlea mtoto kama wake, na mwaka 1917 wakahamia Odessa, bandari ya Bahari Nyeusi.

Odessa ndiko kulikomtia wazimu wa kuruka. Pale bandarini palikuwa na kituo cha ndege za kutua majini, na kijana Sergei alishinda hapo akiwasaidia mafundi bila ya ujira. Shuleni alijifunza useremala, na alipokuwa na miaka 17 alichora ndege isiyo na injini, ya kuelea kwa upepo tu. Akasoma Kiev, kisha Moscow, ambako mradi wake wa kumalizia masomo ulisimamiwa na Andrei Tupolev, bingwa wa kuunda ndege. Akahitimu mwaka 1929. Punde si punde akajiunga na kikundi cha vijana waliokuwa wakiunda roketi katika chumba cha chini ya nyumba mjini Moscow, kwa fedha za kuokoteza. Tarehe 17 Agosti 1933 roketi yao ya kwanza ilipaa kama mita 400 na kuanguka. Mita 400 si kitu; mnazi ishirini na kidogo ukiunganishwa huzifikia. Lakini jeshi liliona, likawachukua vijana wale na kuwafanyia taasisi.

Sasa nafika mahali ambapo hakuna beji hata moja inayopaeleza.

Mwaka 1937 na 1938 Stalin alikuwa amewasha moto ndani ya nchi yake. Watu walikuwa wakichukuliwa usiku kwa malaki. Wakuu wawili wa taasisi ile ya roketi, Kleimyonov na Langemak, walipigwa risasi Januari 1938. Mwezi wa Machi akashikwa Valentin Glushko, mtengenezaji wa injini. Walioshikwa walitakiwa kutaja wenzao, na kwa mateso yale walitaja. Tarehe 27 Juni 1938 wakaja kwa Korolev. Mkewe alikuwapo, na binti yao alikuwa na miaka mitatu.

Alipigwa mpaka akatia sahihi kwamba yeye ni mharibifu wa kazi za dola. Akahukumiwa miaka kumi, na akapelekwa Kolyma, ncha ya mashariki ya Siberia, katika machimbo ya dhahabu ya Maldyak. Msomaji wa Mombasa anayelalamikia kusi la mwezi wa Julai hana kipimo cha baridi ya huko. Kwa kukosa chakula cha majani akapata maradhi ya fizi, meno yake mengi yakang'oka, na mwili ukavimba. Walio wengi waliokwenda naye hawakurudi. Inasimuliwa kwamba hata alipokuwa mkubwa na mwenye nishani, alikuwa akisema kuwa anaichukia dhahabu.

Aliyemwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni mamake. Bibi Maria hakukaa kulia. Aliandika barua kwa Stalin, akaandika kwa wakuu wa polisi, akapanga foleni katika ofisi moja baada ya nyingine, na akawaendea marubani wawili waliokuwa mashujaa wa taifa, Bw. Mikhail Gromov na Bibi Valentina Grizodubova, akawaomba wamsemee mwanawe. Nao wakamsemea, jambo ambalo siku zile lingeweza kuwatia kitanzini wao wenyewe. Kesi ikafunguliwa upya, na mwishoni mwa 1939 Korolev akaamriwa kurudi Moscow.

Habari za safari hiyo ya kurudi nimezisoma kwa namna mbalimbali, na watu huzisimulia kama tunavyosimulia sisi visa vya kadari. Husemwa kwamba alifika bandari ya Magadan akiwa hoi kwa njaa, na karibu na kisima akakuta mkate mzima ukiwa bado una joto, wala hapana mtu. Husemwa pia kwamba aliikosa meli ya mwisho ya mwaka ule, akasikitika sana. Meli hiyo, Indigirka, iligonga mwamba pwani ya Japani mwezi wa Disemba 1939, na wakafa watu zaidi ya 700, wengi wao wafungwa.

Hakuachiliwa. Alipunguziwa miaka tu, na akatiwa jela ya aina nyingine ambayo nadhani ni Warusi wa Stalin peke yao walioibuni: jela ya wasomi. Humo mtu hulala chini ya ulinzi, hula vizuri kidogo, na mchana huchora ndege za vita. Mkuu wa kazi katika jela ile alikuwa Tupolev yule yule, mwalimu wake, naye pia mfungwa. Baadaye alihamishiwa Kazan, mji wa Watatari, ndugu zetu Waislamu wa Mto Volga, akafanya kazi ya injini chini ya Glushko. Akatoka jela Julai 1944. Lakini dola haikukiri kwamba alikuwa hana hatia mpaka mwaka 1957. Kwa hivyo alipokuwa akiwaundia makombora yao makubwa, kwenye daftari za serikali bado alikuwa mhalifu.

Mwaka 1945 walimvisha nguo za kanali na kumpeleka Ujerumani ilikoshindwa vita, akachunguze roketi ya V-2 ambayo Wajerumani waliipiga nayo London. Aliporudi, akafanywa Msanifu Mkuu wa kuunda makombora, katika mji mdogo ulio karibu na Moscow. Miaka kumi na moja baadaye, tarehe 21 Agosti 1957, kombora lake liitwalo R-7 lilivuka nchi nzima, maelfu ya kilomita. Jeshi lilitaka chombo cha kubebea bomu. Korolev aliwapa walichotaka, kisha akaomba ruhusa ya kukitumia kwa alichokitaka yeye.

Tarehe 4 Oktoba 1957 akarusha Sputnik, jina ambalo kwa Kirusi maana yake ni mwenzi wa safari. Lilikuwa tufe la upana wa sentimita 58 na uzani wa kilo 83.6, lenye mikonga minne na redio ya kupiga mlio. Likaizunguka dunia kila baada ya dakika 96, na dunia nzima ikashangaa. Mwezi mmoja baadaye akampeleka Laika, mbwa ambaye hakukuwa na mpango wa kumrudisha. Septemba 1959 akakipiga mwezi wenyewe kwa chombo cha Luna 2. Ndani yake mlikuwa na matufe yaliyoundwa kwa vibati vya pembe tano vyenye nembo ya Sovieti, ili yakipasuka yavitawanye huko. Nakala ya tufe hilo Khrushchev alimkabidhi Rais Eisenhower wa Marekani mkononi. Ikiwa kuna kumbukumbu ya anga iliyotangulia nyingine zote, ndiyo hiyo, na juu yake limeandikwa jina la dola na tarehe. Jina la fundi halipo.

Kwa nini alifichwa? Walisema wanachelea maadui wasimuue. Huenda ikawa kweli kiasi. Mimi naona kulikuwa na sababu nyingine: Khrushchev alipenda ionekane kwamba kazi ile ni ya taifa na chama, na mtu mmoja akitukuzwa, sifa za wakubwa hupungua. Magazeti yaliruhusiwa kumwita Msanifu Mkuu, basi. Yeye mwenyewe akiandika katika gazeti la Pravda alitia sahihi ya Profesa K. Sergeev, yaani jina lake limepinduliwa kichwa chini. Nishani ya nyota ya dhahabu alitunukiwa mara mbili, mwaka 1956 na 1961, na hakuweza kuivaa hadharani. Gagarin alipopokewa Moscow kwa maandamano makubwa, Korolev alikuwa kwenye gari la nyuma, mtu mnene wa makamo asiyetambuliwa na yeyote barabarani.

Na si mtu tu aliyefichwa. Gagarin hakushuka ndani ya chombo chake. Alirushwa nje kilomita saba juu akatua kwa mwavuli wake, na jambo hilo lilinyamazwa kwa miaka mingi kwa sababu kanuni za rekodi za ndege zilitaka rubani atue na chombo. Mahali pa kurushia napo palipewa jina la uongo. Palitangazwa kuwa ni Baikonur, lakini Baikonur ya kweli ilikuwa kijiji kilicho mbali zaidi ya kilomita 300. Roketi zilirushwa karibu na Tyuratam, kituo cha reli kando ya mto Syr Darya katika nchi ya Wakazakhi, Waislamu wafugaji wa farasi na kondoo. Ajabu ni kwamba Wamarekani, waliokuwa ndio wa kufichwa, walikwishapapiga picha kutoka kwenye ndege zao za upelelezi mwaka 1957. Waliobaki kudanganywa ni raia wenyewe.

Nitasema pembeni kidogo kwamba sisi hatukuwa mbali na mambo haya. Katika Ghuba ya Ngwana, kaskazini ya Malindi, Waitaliani walisimamisha majukwaa yao baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha setilaiti kutoka hapo. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kusherehekea uhuru wetu, wakarusha setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ambayo ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kutafuta mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Mkuu wao, Profesa Luigi Broglio, alijulikana tangu mwanzo, na kituo sasa kinaitwa kwa jina lake.

Ninayo pia beji ya Alexei Leonov akiwa nje ya chombo, amenyoosha mikono kama aogeleaye. Hiyo ilikuwa tarehe 18 Machi 1965, binadamu wa kwanza kuelea angani, dakika kama 12. Beji haikueleza kwamba nguo yake ilivimba kwa hewa hata akashindwa kuingia ndani mpaka alipoifungulia hewa kidogo kidogo, wala kwamba mitambo ya kuteremkia iliharibika, chombo kikaangukia msituni, na yeye na mwenzake wakalala siku mbili kwenye theluji. Korolev aliyajua yote hayo kwa sababu ndiye aliyekesha akiwangoja.

Kazi ilikuwa imekwisha kumla. Moyo ulikuwa mbovu, naye alikuwa akiunda roketi kubwa kupita zote, N1, ya kumpeleka Mrusi mwezini. Glushko, mwenzake wa jela, walikuwa wamegombana juu ya mafuta: mmoja akitaka mafuta ya taa na oksijeni, mwingine akitaka kemikali za sumu zinazojiwasha zenyewe zikikutana. Hawakupatana, na injini ikabidi ziundwe na mtu mwingine, tena ndogo ndogo, thelathini kwa pamoja. Leonov alisimulia baadaye kwamba siku chache kabla ya kufa, Korolev aliwaweka yeye na Gagarin usiku kucha nyumbani kwake, na kwa mara ya kwanza akawaeleza habari za Kolyma. Vijana wale waliokuwa wakimwona kama baba hawakujua lolote.

Mapema Januari 1966 aliingia hospitali kwa jambo lililodhaniwa dogo, uvimbe wa utumbo. Waziri wa Afya mwenyewe, Daktari Boris Petrovsky, ndiye aliyempasua, tarehe 14. Wakakuta uvimbe mkubwa zaidi ya walivyotazamia. Inaelezwa kwamba taya lake, lililovunjwa na waliomhoji mwaka 1938, halikufunguka vya kutosha kuingizwa bomba la pumzi. Moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 59.

Tarehe 16 Januari gazeti la Pravda likatoa picha yake, jina lake kamili na orodha ya nishani zake. Mamilioni ya watu walimjua siku hiyo, akiwa maiti. Siku mbili baadaye majivu yake yalitiwa katika ukuta wa Kremlin, kwa heshima zote za dola. Katika orodha ile ndefu ya sifa hapakuwa na neno juu ya Maldyak. Hayo hayakuandikwa waziwazi nchini mwake mpaka miaka ya mwisho ya 1980, na binti yule aliyekuwa na miaka mitatu, aliyekuja kuwa daktari wa upasuaji, ndiye aliyekusanya barua na karatasi za jela na kuzitungia kitabu juu ya babake. Bibi Maria alimzika mwanawe, naye akaishi miaka mingine kumi na kitu.

N1 ilirushwa mara nne, kutoka 1969 mpaka 1972, na mara zote iliharibika. Wamarekani walikwishafika mwezini. Warusi wakasema hawakuwa wakishindana.

Stempu ya Korolev ilitoka mwaka 1969, miaka mitatu baada ya kifo chake. Ninayo moja, imepigwa mhuri na pembe imekunjika. Mji aliofanyia kazi ulipewa jina lake mwaka 1996. Na kule kwa Wakazakhi, mji uliojengwa kwa ajili ya mafundi wa roketi ulibadilishwa jina mwaka 1995 ukaitwa Baikonur, kwa hivyo ule uongo wa zamani sasa ndio unaoandikwa kwenye ramani.